Ngozi ya Koplo

Ilianza siku ya Alhamisi, saa kumi na robo za alasiri. Naijua saa hiyo kwa sababu watu ndiyo kwanza walikuwa wakitoka msikitini, na Ami alikuja moja kwa moja kutoka huko mpaka kwenye mlango wa yadi yake, kanzu ameinyanyua kidogo isiguse chini. Akasimama kumtazama mbwa wake, Koplo, jinsi mtu atazamavyo dari lililozibwa likavuja tena.

"Safari hii ndiyo ya mwisho," alimwambia Kahindi. "Vidonda hivi vikikauka vikarudi tena, namwita daktari aje amchome ile sindano. Apumzike yeye, nasi tupumzike. Watu wapita hapa na udhu wao, wapigwa na harufu ya usaha. Nitawaambia nini?"

"Waambie ni manukato ya jeshini," Kahindi akasema.

Ami hakucheka. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya rundo la magurudumu mabovu, na hakuna aliyejua kwamba nipo, jambo ambalo lilikuwa la kawaida sana kwangu. Nilikuwa na miaka tisa.

Niliyakumbuka haya wiki iliyopita shuleni. Nilianguka uwanjani, goti likachubuka, nikapelekwa chumba cha wagonjwa. Dada wa zamu alipofungua chupa ya dawa ya kusafishia vidonda, ile ya rangi ya waridi yenye harufu kali na safi, inayokwaruza pua kidogo halafu ikatulia, aliniuliza naumia wapi nikashindwa kumjibu. Alidhani nimepigwa kichwa. Kumbe pua yangu ilikuwa imesharudi yadini kwa Ami, na mikono imeshaloa povu.

Yadi yenyewe iko nyuma ya nyumba yetu, Mji wa Kale, mwisho wa kichochoro ambacho hata tuktuk haigeuki. Ami, kaka yake baba, hukodisha mikokoteni kwa mahamali wa sokoni na wa Mwembe Tayari. Asubuhi mikokoteni hutoka, jioni hurudi ikanyanyuliwa mikono juu, imeegemea ukuta wa mawe kama watu waliochoka. Kulikuwa na kipindi magurudumu yaliibwa usiku mpaka Ami akachoka kununua mengine, ndipo akakubali kufuga mbwa. Si kwa kupenda. Kwetu mbwa ni mlinzi, hukaa nje, na akikugusa na unyevu wake una kazi ya kujitwahirisha. Kahindi, fundi wa mikokoteni, Mgiriama wa Kaloleni mwenye mzaha usiokwisha, ndiye aliyemlea, na ndiye aliyempa jina kwa sababu ya mistari miwili myeupe kwenye mguu wa mbele. Alisema mbwa amezaliwa na cheo chake.

Na Koplo alikuwa na ugonjwa wa ngozi. Vilianza kama vipele vidogo tumboni, vyenye kichwa cheupe, vikapasuka, vikaacha duara jekundu lenye magamba pembeni. Maduara yakakutana. Nywele zikang'oka kwa mafungu. Mara ya kwanza Kahindi alimpaka oili chafu ya gari, kwa sababu kwao na kwetu na kwa kila mtu ndivyo inavyofanywa. Mara ya pili mtu alileta vidonge kutoka duka la dawa, akatiliwa kwenye mapupu ya ng'ombe, vidonda vikakauka vizuri kabisa, na vilipokauka tu vidonge vikawekwa kando. Vikarudi. Akapewa vidonge tena, vikakauka, vikarudi. Hiyo ndiyo hali Ami aliyoikuta Alhamisi ile.

Mimi sikuwa nikimgusa. Nilikuwa nikienda kukaa karibu naye tu baada ya chuo cha Kurani. Mtu akinisemesha nilikuwa nikisikia majibu yote kichwani, yamepangwa sawasawa, halafu mdomo haufunguki. Koplo hakuniuliza kitu. Alikuwa akilaza kidevu chini, ananitazama kwa nyusi, tunakaa. Ukiwa mtoto usiyesema, kiumbe anayetosheka na kukaa nawe ni hazina, na mimi sikuwa tayari kumpoteza.

Sasa, chuoni maalim alikuwa ametufundisha juu ya chombo alicholamba mbwa: huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Wenzangu waliandika, wakaendelea na maisha yao. Mimi nilibaki na wazo. Ikiwa sahani iliyoguswa na mbwa hutakata kwa kuoshwa hivyo, mbwa mwenyewe je? Nilishajiaminisha kwamba vile vidonda ni najisi inayojitokeza nje, na kwamba vinarudi kwa sababu hakuna aliyewahi kumwosha kwa hesabu inayotakiwa. Ilinijia wazi kabisa. Nilishangaa watu wazima walikuwa hawajaiona.

Sikumuuliza maalim. Kumuuliza kungetaka ninyanyue mkono.

Kwa hivyo nilisubiri Kahindi atoke kupeleka gurudumu la mtu, nikafungua mpira wa maji, nikamwosha Koplo mara saba. Udongo niliutoa kwenye mtungi wa mrehani wa Bibi, kwa sababu ulikuwa udongo safi kuliko wa chini. Nilimsugua kwa dodoki, kwa nguvu, hasa kwenye vidonda, maana huko ndiko niliona najisi imekaa. Koplo alitetemeka lakini hakunionyesha jino. Nilipomaliza akaingia chini ya mikokoteni, maji yakimchuruzika, akalala kwenye magunia yake yaliyokuwa hayakauki kamwe. Mimi nami nikapanda juu bafuni nikaosha mikono yangu vivyo hivyo, mara saba na udongo, mpaka viwikoni.

Siku mbili tatu harufu ilipungua, na mimi nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote kisiwani. Halafu vipele vikatoka vingi zaidi, mpaka kwenye makwapa. Nikaona nimekosea hesabu. Nikaanza upya, nikasugua zaidi. Kila nilivyozidi kumwosha, ngozi yake ilizidi kuwa nyekundu na laini kama ya mtu aliyekaa sana kwenye maji, na mimi nilizidi kuogopa, na nilivyoogopa ndivyo nilivyorudi kwenye mpira.

Mama ndiye aliyenigundua. Alikuwa ameketi kwenye cherehani akishona buibui la watu, akanyosha mkono nimpe mkasi, akaona ngozi yangu imepasukapasuka.

"Mikono yako imefanya nini?"

Nikaificha mgongoni.

"Nakuuliza wewe, mwanangu."

"Naosha."

"Waosha nini?"

"Mbwa."

Cherehani ikasimama. Bibi, aliyekuwa amejinyoosha kitandani tukidhani amelala, akanyanyua kichwa. "Ati yuwaosha nini?"

"Mbwa, mama," Mama akamjibu.

"Na mrehani wangu uliolala ubavu?"

Mama akanitazama. Nikatikisa kichwa kukubali. "Na huo pia, mama."

Nilitarajia kupigwa. Badala yake Mama akanivuta nikakaa chini karibu naye, akanipaka mafuta ya nazi mikononi, na nilipomweleza habari ya mara saba, yote, kwa sauti ya chini, aliuma mdomo. Mpaka leo sijui kama alikuwa anazuia kicheko au machozi.

"Mbwa si sahani, mamangu," akasema. "Hata umwoshe mpaka Idd atakuwa mbwa, ndivyo alivyoumbwa, wala hana kosa. Na vile vidonda si najisi. Ni maradhi tu. Mgonjwa hutafutiwa dawa."

Alisema atazungumza na Ami baada ya magharibi. Lakini Ami alikuwa ameshachungulia yadini adhuhuri ile, ameona makwapa, na ameshapiga simu.

Daktari alikuja Jumanne. Alikuwa mwanamke wa Kidigo kutoka Likoni, mtandio ameuchomeka shingoni, miguuni viatu vya mpira, jina lake Daktari Mejumaa. Mimi nilisimama kwenye mlango wa nyuma nimeushika mkono wa Mama. Ami alimkaribisha kwa adabu zote, akamuuliza hali, akamuuliza habari za nyumbani, halafu akasema, "Daktari, kazi yenyewe ni fupi."

"Kazi fupi ndizo nisizozipenda, mzee wangu. Nipe ruhusa nimtazame kwanza."

Akavaa glavu, akakaa kwenye mkono wa mkokoteni, akamgeuza Koplo polepole. Alikwangua ngozi kidogo, akabandika kioo kidogo juu ya kipele kilichopasuka, akakiweka kwenye kisanduku. Kisha akauliza, "Huyu huanza kujikuna ndipo vipele vitoke, au vipele hutoka kwanza ndipo ajikune?"

Ami akamtazama Kahindi. Kahindi akajikuna yeye. "Daktari, mimi kusema kweli namwonaga akishakuwa chapati iliyoungua."

"Jibu lake lina maana. Hakuna anayejua?"

Mimi nilijua. Nilikuwa nimekaa mbele ya mbwa yule jioni baada ya jioni, na hakuna nilichokuwa nikitazama ila yeye. Jibu lilikuwa limejaa mdomoni mwangu kama maji ya moto. Daktari alikuwa ameshaanza kufunga mkoba wake, na Ami ameshaanza kusema, "Basi ikiwa hivyo..."

"Hujikuna kwanza," nikasema.

Wakageuka wote. Hata Koplo aligeuka.

"Wapi?" daktari akaniuliza, kama vile mimi ni mtu wa kuulizwa.

"Hapa." Nikajionyesha kiunoni kwa nyuma. "Juu ya mkia. Hujiuma kwa meno ya mbele, kama mtu alaye muhindi. Siku zikipita ndiyo vipele, tumboni na mapajani."

Daktari akaufungua mkoba tena. Akatoa kichana chembamba, akachana pale pale nilipopasema, akakung'uta vumbi jeusi juu ya pamba iliyolowa. Lile vumbi likaanza kuyeyuka na kuwa jekundu. "Mwaona? Hii ni damu yake mwenyewe, imepita tumboni mwa kiroboto. Huyu ngozi yake haivumilii viroboto. Mmoja akimuuma yeye huwashwa kama ameumwa na mia."

Akatueleza kwa utaratibu, akimtazama Ami lakini akisema kwa wote. Bakteria wale wako kwenye ngozi ya kila mbwa, hata mzima, wametulia tu kama watu waliokaa barazani. Ngozi ikishachunwa kwa kukunwa, wanaingia ndani. Vidonge huwatoa, lakini vikikatizwa mapema wachache hubaki, na viroboto wakiwapo mlango hufunguliwa upya. Oili chafu ndiyo isitajwe tena, humchoma na akiilamba humdhuru.

"Na nani amemsugua hivi?"

Mama akamweleza, kwa sababu mimi maneno yangu ya siku yalikuwa yamekwisha. Niliogopa daktari atacheka. Hakucheka.

"Mimi nami nimesoma chuo," akaniambia. "Nikimaliza kazi yangu hapa najitwahirisha vile vile ulivyofundishwa. Lakini hiyo ni kwa ajili yangu mimi. Yeye huoshwa kwa dawa. Na kumwosha ni kuzuri, sikukatazi, tena ndiko kutakakomponya. Ila usimsugue, na usimwache na maji mwilini."

Ilikuwa dawa ya waridi. Aoshwe mara mbili kwa wiki, povu likae dakika kumi kamili lisiguswe, asuuzwe, akaushwe mpaka kwenye makunjo. Apewe dawa ya viroboto. Malazi yake yabadilishwe. Na vidonge viendelee hata akionekana amepona, mpaka daktari mwenyewe aje aseme basi.

"Na hayo yote nani ana nafasi nayo?" Ami akauliza. Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa amechoka.

"Mimi."

"Wewe? Wewe juzi umetumwa chumvi dukani ukarudi mikono mitupu kwa kuogopa kumwita muuzaji!"

"Muuzaji ana mdomo," Kahindi akasema. "Koplo hana maneno."

Mama akasema, "Shemeji, mwachie. Nitamnunulia glavu."

Ami alitutazama sote, akashusha pumzi. "Mpaka daktari atakaporudi. Vikirudi kabla, neno langu ni lile lile."

Basi nikaanza. Kahindi alichoma magunia ya zamani, akamwaga maji ya moto kwenye nyufa zote za sakafu, akapasua mkokoteni uliokufa akamtengenezea Koplo kitanda cha mbao kilichonyanyuka juu ya unyevu. Vidonge vilikuwa vita. Koplo alikuwa akila mapupu yote kwa uungwana halafu anakitema kidonge mbele ya miguu yangu, kikavu. Kahindi akajitia kukimezea mate, akisema, "Lete, nitakula mimi, nina mgongo unaoniuma," mpaka Koplo akakinyakua kwa wivu.

Kuosha ndiko kulikonibadilisha. Dakika kumi za povu ni ndefu mno kwa mbwa. Alikuwa akitaka kujikung'uta, akitaka kulamba, na mikono yangu pekee haikutosha kumtuliza. Siku ya kwanza, kwa kubabaika, nikaanza kumsemesha. Nilimwambia habari za darasani: nani amemchongea nani, hesabu nisizozielewa, msichana niliyetaka awe rafiki yangu na sijui nianzie wapi. Masikio yakageuka kwangu akasimama kimya. Kumbe nilikuwa na maneno mengi. Yalikuwa yakitoka kwa mpango, yenye mwanzo na mwisho, na sauti yangu ilikuwa ikigonga kuta za mawe inanirudia, na sikuichukia. Mahamali waliorudisha mikokoteni walikuwa wakisimama mlangoni kusikiliza habari iliyoachwa njiani mara iliyopita. "Ehe, bi mdogo, na yule mchongezi aliishia wapi?" Mwanzoni nilikuwa nikinyamaza wakiuliza. Baadaye nikawa nawajibu, nimewapa mgongo.

Usaha ulikauka. Magamba yakapukutika. Ami alipita siku moja, akatazama tumbo la Koplo, akasema, "Huyu amepona. Acheni vidonge."

"Bado, Ami."

"Bado nini? Ngozi hiyo, kavu."

"Kila mara tuliviacha ikiwa kavu hivi hivi."

Kahindi akajishughulisha sana na msumari.

Kisha zikaanza kuota nywele. Laini, za kijivu, kama za kifaranga, kwenye yale maduara yote yaliyokuwa mapara. Nilikuwa nikizipitishia kidole chenye glavu na kutabasamu peke yangu kama mjinga. Koplo alianza tena kubweka usiku kwa sauti nzito, na Bibi, aliyepanda mrehani mpya, alilalamika kwamba mbwa akiumwa hakulaliki kwa harufu na akipona hakulaliki kwa kelele.

Daktari alirudi. Akamfunua nywele kila mahali, akamchana kwa kile kichana, pamba ikabaki nyeupe. "Vidonge basi," akasema. "Kuosha kuendelee."

"Havitarudi tena?" Ami akauliza.

Nilitamani aseme havitarudi. Yeye akasema kweli. "Siwezi kukuahidi hilo. Ngozi yake ndivyo ilivyo. Huenda kikatokea kimoja, hasa mvua zikianza. Kikionekana mapema huoshwa kikaisha, hata vidonge havihitajiki. Kikiachwa, mtanipigia simu mkilia."

Ami alimshukuru, akamsindikiza mpaka nje. Aliporudi alisimama mbele ya Koplo kwa muda. Nilimsubiri aseme kwamba lile neno lake limekwisha. Alisema tu, "Haya, tutaona," akaenda zake.

Kulipokucha nilishuka yadini mapema, kabla ya kuvaa sare za shule. Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Nikamlaza Koplo ubavu, nikamfunua, na ndani ya paja la kushoto nikakikuta. Kimoja. Kidogo kama punje ya mtama, na kichwa chake cheupe.

Nywele zilikuwa zimeshaota za kutosha kukifunika, na hakuna mtu mwingine ambaye angemfunua mbwa paja. Ningenyamaza, na kunyamaza ndiko nilikokuwa bingwa. Lakini nilikuwa nimeshaona kile ugonjwa ule ufanyacho ukipewa nafasi ya kukaa peke yake.

Nikapanda kwa Ami. Alikuwa anakunywa chai na mkate wa kumimina.

"Ami, kimerudi kimoja."

Akaweka kikombe chini. Sikumpa nafasi ya kusema. "Nimekiona mapema. Daktari alisema kikionekana mapema huoshwa kikaisha. Lakini paja la ndani siwezi kulifikia na kumshika kichwa, na Kahindi hajafika. Namtaka mtu wa kumshika."

Ami akanitazama sana, jinsi unavyomtazama mtoto wa jirani aliyerefuka ukiwa hupo. "Hizo glavu, zipo za ukubwa wangu?"

"Hazipo."

"Haya," akasema, akanyanyuka.

Glavu zilimfika katikati ya viganja. Alimshika Koplo kichwa kwa mikono iliyonyooshwa mbali, kikoi amekikunja mpaka magotini, uso ameugeuza pembeni kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa watu. Koplo alimtazama kwa heshima kubwa na hakutikisika.

"Na nimshike mpaka lini?" Ami akauliza.

"Mpaka niseme mimi."

Nikamimina dawa kiganjani, nikapiga magoti, nikaanza kulipaka povu polepole, bila kusugua.